Waya Wenye Utepe Mweusi

"Mwanangu anaguna tena," alisema bibi kutoka kwenye kochi lake, akagonga sakafu kwa fimbo.

Gitaa la besi lilikuwa limelazwa kwenye meza ya kulia, juu ya taulo, limechomekwa kwenye ampli ndogo ambayo marehemu mwanawe aliiunda ndani ya sanduku la redio bovu. Hakuna aliyekuwa akilipiga. Hata hivyo lilikuwa likivuma, mvumo mmoja mzito usiokatika, kama wa mtu aliyezibwa mdomo. Binti wa marehemu alinyoosha kidole akagusa uzi mmoja, na mvumo ukazidi. Alipoondoa kidole, ukashuka.

"Umesikia?" bibi akasema. "Ukimgusa anaamka."

"Bibi, ni kelele ya umeme tu. Inatoka kwenye waya."

"Waya una koo?"

Binti akacheka, maana kwa bibi usipocheka utalia. Macho ya bibi yalikuwa yamebakiwa na nuru kidogo tu, ya kumtosha kujua mlango na dirisha, lakini masikio yake yalisikia hata yasiyomhusu. Mama yake binti hakucheka. Alikuwa kwenye benchi lake la kazi pembeni ya dirisha, ameifungua pasi ya mteja, amewapa mgongo wote wawili. Mtaa mzima ulimwita Mama Waya. Redio, pasi, feni, chaja, chochote kilichokufa kilipitia mikononi mwake, na alikuwa na sifa moja ambayo hata mafundi wanaume waliikubali, japo shingo upande: hakuwahi kuacha waya unaning'inia. Akiona waya umekatika, hata kama si alichoitiwa, atauunga. Mikono yake ilikuwa haimuulizi.

"Mama, nisaidie basi. Wewe kwako hii ni kazi ya dakika mbili."

"Nimeshakwambia, gitaa hilo silifungui."

"Kwa nini?"

"Nina pasi ya watu hapa."

Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, na duka la simu alilokuwa akiuza lilikuwa limefungwa miezi minane iliyopita. Sasa baba yake mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa akiifufua bendi yao baada ya miaka mitatu ya kulala. Jumamosi saa nane mchana walikuwa na harusi kwenye ukumbi wa mtaa wa pili. Alikuwa amemwambia binti, ukipiga vizuri, nafasi ya baba yako ni yako, harusi zote. Hakukuwa na kazi nyingine iliyomwita. Lakini mazoezi ya jana yake yalikuwa aibu tupu.

"Mpiga ngoma kasema nafuga nyuki," alisema. "Wakacheka wote. Baba mdogo akasema, likivuma hivyo Jumamosi, namwita mtu mwingine, mimi hao nyuki walishanitosha."

Bisibisi ikamponyoka Mama Waya, ikabingirika chini ya benchi.

"Kasema nyuki?"

"Ndiyo, nyuki. Unaona ninavyodhalilika?"

Mama Waya akainama kuitafuta bisibisi, akakaa huko chini muda mrefu kuliko bisibisi ilivyohitaji.

Kesho yake, Alhamisi, mama alipotoka kurudisha pasi, binti hakupoteza muda. Aligeuza gitaa kifudifudi, akatoa skrubu sita za kifuniko cha nyuma, akaziweka kwenye kisosi zisipotee. Ndani mlikuwa na vumbi na nyaya chache. Akazifuata moja moja kwa kidole, kama alivyoona mama yake akifanya maisha yake yote. Mmoja, mweupe, ulikuwa ukitoka kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi huku mkiani, na ulikuwa umeishia hewani. Umekatwa. Mwenzake, kipande kifupi cha shaba, ulikuwa bado umelehemiwa mgongoni mwa kitufe cha sauti, umezungushwa mara tatu kabla ya kutiwa risasi ya kulehemu.

Binti akatabasamu. Kuna mtu mmoja tu anayezungusha waya mara tatu, kama anayeshona kifungo cha koti. Kumbe mama alishawahi kuutengeneza, ukakatika tena! Na sasa anajifanya hataki.

Akawasha chuma cha kulehemu. Akauunga, naye akazungusha mara tatu. Alipolichomeka gitaa na kugusa nyuzi, mvumo ukazimika papo hapo, kama mtu aliyeambiwa shii. Akajaribu mara ya pili, ya tatu. Kimya. Akapiga noti moja nzito, ikatoka safi, ikatembea chumba kizima na kugonga vikombe kabatini.

Bibi akakaa wima. "Mbona amenyamaza?"

"Amepona, bibi."

"Amepona au mmemziba?"

Mama Waya alirudi akasimama mlangoni na kanga begani. Aliona taa ya ampli inawaka, na gitaa limepakatwa. Na hakusikia kitu.

"Umefanya nini?"

"Nimeunga ule waya wa daraja. Sikia, mama. Sikia!"

Mama alisikia. Akakaa kwenye kiti cha karibu.

Hapa itabidi niseme mimi, maana yeye hakusema. Miaka mitatu nyuma, kwenye harusi kama hiyo, mshereheshaji aliwaambia wageni wachungulie chini ya viti vyao kuna mzinga wa nyuki, na ukumbi mzima ukamcheka mume wake na gitaa lake linalovuma. Yeye alikuwa mstari wa tatu, na gauni jipya. Kesho yake mume alipotoka, akalifungua gitaa. Akakuta waya wa daraja umekatwa, ncha imefungwa utepe mweusi. Akadhani mumewe aliacha kazi katikati, ndivyo walivyo wanaume. Akaubandua utepe, akaunga waya, akazungusha mara tatu. Hakumwambia. Alitaka ashangae.

Naye alishangaa. Jumamosi iliyofuata alishika nyuzi na gitaa likawa kimya. Aliliangalia, akainua macho akamtafuta mkewe katikati ya watu, akamwona. Mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka. Mwimbaji akampa ishara, akasogea kwenye maiki kuitikia, midomo ikagusa chuma, akaanguka. Daktari aliandika moyo.

Wiki mbili baadaye shemeji yake alikuja kulirudisha gitaa, na katika kulia akasema, maskini kaka, alikuwa akilalamika ile ampli kubwa ya bendi inamuuma midomoni. Hapo Mama Waya akaelewa. Umeme ulikuwa umevuja kwenye ampli, na waya ule ndio uliokuwa ukiupeleka kwenye nyuzi. Mumewe alikuwa ameukata makusudi ili mikono yake isalimike, na amekubali kuchekwa. Yeye akaenda akaurudisha. Usiku na mchana alijiuliza jambo moja: pale alipomwangalia, alitaka kumshukuru, au alitaka kumwambia? Aliukata tena ule waya, akalifunga gitaa, akalitundika. Alipouliza habari za ampli akaambiwa imeuzwa chuma chakavu. Akashukuru Mungu, akafunga mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema. Yeye kifo kilikwishakuja, akaona cha kuumbuliwa hakipo tena.

"Jumamosi," alimuuliza bintiye, "utapigia ampli gani?"

"Ya baba mdogo. Sijaiona, iko stoo. Kwenye mazoezi tulitumia kispika chake kimoja cha kukodisha."

"Mpya?"

"Mama, nimekwambia sijaiona. Hata hunipi hongera?"

"Hongera," alisema Mama Waya.

Ijumaa asubuhi akaenda kwa shemeji yake. Shemeji huyo alikuwa na banda la kukodisha viti na maspika, na alimkuta akihesabu viti huku ameshika kiuno.

"Shemeji! Leo jua limechomoza magharibi. Karibu, karibu, kaa hapo." Akamwonyesha spika lililolazwa ubavu.

"Sikai. Nimekuja kuuliza ampli."

"Ampli ipi?"

"Unaijua."

Shemeji akaacha kuhesabu. "Ile si nilikwambia nimeuza? Mbona unafukua makaburi?"

"Kesho mnatumia ipi?"

"Ipo nyingine."

"Niione."

"Stoo imefungwa. Ufunguo kaondoka nao dereva." Akacheka kidogo, kicheko cha kuombea radhi. "Shemeji, mimi kazi hii naifanya tangu hujaja kwetu. Huniamini?"

Angeweza kusema nitamsubiri dereva. Angeweza kukaa juu ya lile spika mpaka jioni. Lakini angeulizwa kwa nini, na akisema kwa nini itabidi aseme lote, kuanzia utepe mpaka yale macho ya mwisho. Akamwangalia shemeji. Shemeji akaangalia viti. Kwa kweli wangeweza kusaidiana pale pale, wawili wale, kama mmoja wao angekuwa na ujasiri wa mtoto aliyevunja sahani.

"Basi," shemeji akasema, akivuta nyaya tatu kutoka kwenye ndoo, "kwa kuwa umefika, hizi ncha zimelegea. Nitengenezee, tutaongea."

Huyo ndiye mke wa kaka yake, na hayo ndiyo malipo ya kuja kwake: kutumwa kama kibarua. Akazichukua. Alasiri ile alizitengeneza zote tatu, vizuri kabisa, na akajiambia neno moja mara nyingi: imeuzwa. Imeuzwa. Imeuzwa.

Jumamosi saa saba na nusu simu ikaita. Ilikuwa sauti ya binti, imejaa kicheko.

"Mama! Kumbe ampli ya baba ipo! Ile yenye kona iliyopasuka. Na samaki wangu yupo, mama, yule wa stika niliyembandika nikiwa darasa la tatu!"

"Usiichomeke."

"Imeshawaka. Baba mdogo anasema hakupata mteja wa maana. Sikia ilivyo safi, sikia..."

Mama Waya akasikia. Kulikuwa na viti vinavyoburuzwa, na mtu akisema moja mbili, moja mbili kwenye maiki. Gitaa halikusikika hata kidogo. Hakuna nyuki.

"Mwanangu, livue hilo gitaa. Umenisikia? Livue!"

"Mama, sikusikii, nitakupigia."

Akachukua testa benchini, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme, akatoka mbio. Bibi aliita nyuma yake, "Kuna nini? Amesema nini?" Mtaa wa kwanza aliumaliza bila kupumua. Kwenye kona ya pili aligundua amevaa ndala moja yake na nyingine ya bibi. Muuza magazeti akamuuliza nani amekufa, naye moyoni akasema, bado, bado, ngoja.

Ukumbi ulikuwa umeanza kujaa. Jukwaani binti alikuwa amevaa gauni la bluu, gitaa shingoni, vidole kwenye nyuzi, na kijana wa vyombo alikuwa akimsogezea maiki usawa wa kinywa. "Usiguse!" Mama Waya alipiga kelele, na kelele ile ikamezwa na zumari la mtoto. Hakwenda kwa binti. Fundi anajua pa kwenda. Alikwenda ukutani akang'oa plagi.

Samaki na ampli yake wakazimika. Watu wakageuka.

"Huyu naye nani?" aliuliza shangazi wa bwana harusi.

"Ndugu wageni," mshereheshaji akadakia, "mama mkwe kafika kabla ya kadi!" Wakacheka. Wakaziona na ndala, wakacheka zaidi.

Binti alikuwa ameiva uso kwa aibu. "Mama, tafadhali. Leo usinifanyie hivi."

"Livue. Liweke kwenye kile kiti cha plastiki."

"Mama..."

"Livue kwanza mwanangu, halafu unichukie."

Sijui ni nini binti aliona usoni mwa mama yake. Alilivua. Mama Waya akairudisha plagi, ampli ikawaka. Akapanda jukwaani, akaweka kidole gumba juu ya testa, na ncha akaigusisha uzi wa kwanza. Kitaa kikawaka, chekundu. Uzi wa pili, kikawaka. Wa tatu. Wa nne. Kicheko kilikuwa kimeanza kupungua mstari wa mbele, kisha nyuma yake, mpaka mshereheshaji naye akashusha maiki yake mwenyewe, akaiangalia, akaiweka mezani polepole.

Mama Waya akaing'oa tena plagi, akampa shemeji yake pamoja na testa. "Ifungue."

Skrubu moja ikamchukua shemeji muda wa skrubu tatu. Ndani ya plagi, waya wa kijani na njano, ule wa ethi unaoupeleka umeme mbaya ardhini, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma.

"Nilikata mimi," alisema. "Ilikuwa ikivuma. Ukikata ethi inanyamaza, kila mtu anafanya hivyo." Akaigeuza plagi mkononi. "Kaka aliniambia inamuuma. Nikamwambia tumalize hizi harusi mbili kwanza. Kisha daktari akasema moyo, nami nikasema, ndiyo, moyo. Nilitaka uwe moyo, shemeji. Ampli hata sikuthubutu kuiuza, nilihisi kama namuuza yeye."

"Na ukamwekea mwanaye."

"Gitaa lilikuwa limenyamaza! Nikasema basi, hakuna ubaya."

"Yeye alikuwa ameukata ule waya ajilinde," Mama Waya akasema. Sasa alikuwa akimwambia binti, si shemeji. "Mimi niliuunga. Nilimwonea aibu ya nyuki. Nilimuua kwa mikono yangu hii."

Binti aliangalia vidole vyake, kwenye ncha ya kimoja bado kulikuwa na alama ya kuungua ya Alhamisi. "Nami nimeuunga."

"Najua."

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Nilijua."

"Ukasema hongera."

Shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti, muziki upo au haupo, maana watu hawakuvaa hivi kuja kusikiliza matanga. Kwa hiyo ile ampli ikatolewa nje, gitaa likachomekwa moja kwa moja kwenye mashine ya sauti ya ukumbi, Mama Waya akapima nyuzi zote nne mara mbili, na binti akapiga. Alipiga harusi nzima bila kukosea na bila kutabasamu. Baba mdogo alimwambia kazi ni yake. Akajibu asante, kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Jumapili asubuhi binti alikuwa bado hajamsemesha mama yake. Alikuwa jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mama Waya akaenda akapiga magoti mbele ya kochi la bibi, akaweka mikono kwenye magoti ya mama mkwe wake.

"Mama, nina neno."

"Sema. Tangu jana nyumba hii inanuka neno."

Akasema. Safari hii hakuruka kitu. Alisema nyuki, gauni jipya, skrubu sita, waya, utepe mweusi alioubandua kwa ukucha akautupa kwenye ndoo. Alisema mume wake alivyomwangalia. Alisema Alhamisi na hongera yake. Jikoni maji yaliacha kumwagika, binti akasimama mlangoni na sahani mkononi. Bibi alisikiliza amefumba macho, fimbo imelala mapajani, na Mama Waya alipomaliza akainamisha kichwa angoje kufukuzwa. Mwanamke aliyemuua mwanao utamwambia nini?

"Huo utepe," bibi akasema mwishoni, "alikuja kuuchukua kwangu."

"Mama?"

"Ulikuwa wangu." Bibi akapapasa fimbo mpaka kwenye mpini, pale palipozungushiwa utepe mweusi ili mkono usiteleze. Ncha yake ilikuwa imechanwa, si kukatwa. "Alikuja asubuhi, wewe umeenda sokoni. Akasema, mama nipe kidogo, kuna waya wataka kuning'ata. Halafu akasema, usimwambie mke wangu. Akijua atanizuia kupiga, na harusi hizi mbili tunazihitaji. Mimi nikacheka. Nikasema, siri ya mtu na mamaye."

Mama Waya aliinua kichwa.

"Ningekwambia, ungeuacha ule waya kama ulivyo," bibi akasema. "Neno moja tu. Tangu gitaa lichomekwe tena nawaambia mwanangu anaguna, anataka kusema. Ninyi mnaniona mzee nimechanganyikiwa. Nilidhani ananidai mimi."

Kisha binti akaweka sahani chini. Alikwenda akalitoa gitaa kwenye mfuko wake, akalilaza juu ya taulo mezani, akalichomeka kwenye ampli ndogo ya baba yake na kuiwasha. Akavuta viti viwili, kimoja chake, kingine akakisukuma kwa mguu hadi alipopiga magoti mama yake. Halafu akauchukua mkono wa bibi, akauweka juu ya nyuzi.

Bibi alitega sikio. Kitaa cha ampli kilikuwa kinawaka, lakini hakuna kilichovuma.

"Guna basi, baba," alimwambia mwanawe. "Sisi tumeshasema."

Wakangoja, wote watatu, mpaka chai ya asubuhi ikapoa.